Mota ya kukatia kwenye CNC ya kujitengenezea: usianze na nguvu, anza na spidi ya chini na koleti

Mninga ukiungua harufu yake huwezi kuisahau, sio ile harufu tamu ya mbao ikipigwa randa, ni moshi mchungu unaokaa kwenye nguo mpaka ufue mara mbili. Mwezi wa kwanza CNC yangu, mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, ilipoanza kutembea chumba chote kilikuwa kinanuka hivyo, kila herufi niliyochonga ilikuwa na kingo nyeusi, na mimi nilikuwa na uhakika kabisa tatizo liko kwenye programu. Nikaingia kwenye settingi za GRBL, ile programu inayoendesha mashine, nikapunguza mwendo, moshi ukazidi. Nikapunguza tena. Biti, kile chuma kinachokata, ikabadilika rangi ikawa ya bluu afu ikakatikia humo humo ndani ya herufi M ya kibao cha mtu ambaye alikuwa keshalipa nusu.

Naandika hii kwa sababu watu wengi wanaoanza wananiuliza swali lile lile, kaka nifunge mota gani ya kukatia na hela yangu ndio hii, na jibu la kwenye simu halitoshi. Nitaeleza nilivyopita mimi, mashine yangu ni ndogo, fremu ya skweapaipu, meza ya MDF ya milimita 18, stepa mota, zile zinazozunguka hatua kwa hatua, saizi ya NEMA 23, zinaendeshwa na draiva za TB6600, ubongo ni bodi ya Arduino Uno yenye GRBL. Eneo la kukata halifiki hata nusu ya mlango. Kama wewe una mashine ya chuma cha kumiminwa haya mengine hayakuhusu sana.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja seremala pale Keko, Dar es Salaam. Nilimpelekea kile kibao kilichoungua nikitaka anifundishe jinsi ya kufuta weusi kwa msasa bila kuharibu herufi. Nikamsalimia shikamoo mzee wangu, akaitikia, akakipokea, wala hakuangalia herufi. Akakigonga kwenye kiganja chake, ukadondoka unga wa kahawia laini kama wa sembe. Akaniuliza, "Maranda yako wapi mwanangu?" Nikamwambia mzee mashine yangu haitoi maranda, inatoa huo unga. Akasema, "Basi hiyo haikati. Inasugua. Chuma kikikata kinatoa maranda, kikisugua kinatoa unga na moto." Afu akachukua randa yake akapitisha mara moja tu kwenye ubao uliokuwa mbele yake, akanipa lile randa lililojiviringa, jembamba kama ganda la kitunguu, na lilikuwa la baridi. Nililishika nikaelewa kitu ambacho video zote nilizoangalia zilikuwa hazijaniingiza kichwani. Joto linatakiwa liondoke na maranda. Usipotoa maranda joto linabaki kwenye biti na kwenye mbao.

Hesabu yake ni nyepesi na ndiyo inayoamua mota gani ununue kwa hiyo nivumilie kidogo. Chukua mizunguko ya mota kwa dakika, zidisha na idadi ya meno ya biti, zidisha na unene wa kipande ambacho kila jino linang'oa, unapata mwendo ambao mashine inatakiwa itembee. Mimi wakati ule nilikuwa nimefunga kale kagrainda kadogo ka mkono ka kuchongea urembo, ka bei rahisi kasichokuwa na jina, kanazunguka 30,000, biti ya meno mawili, na mashine nimeishusha mpaka milimita 300 kwa dakika. Gawanya: 300 kwa 60,000 ni milimita 0.005 kwa kila jino. Unywele wa kichwani unazidi unene huo mara kumi na zaidi. Hakuna jino la chuma linaloweza kung'oa kitu chembamba hivyo kwenye mninga, linateleza tu juu linachua. Na kila nilivyopunguza mwendo nilikuwa nazidi kujiumiza.

Sasa ukitaka kila jino ling'oe milimita 0.04 kwa mzunguko ule ule wa 30,000 na meno mawili, mashine inatakiwa itembee 2,400 kwa dakika. Yangu ikipita 1,000 ikiwa na mzigo inaanza kuruka hatua, unasikia mota zinakoroma na mchoro unahama. Kwa hiyo tatizo langu halikuwa nguvu. Mota ilikuwa inazunguka haraka kuliko fremu inavyoweza kuifuata. Mota ikishuka 10,000 kwa meno mawili hesabu inakuja 800, hapo mashine yangu inafika. Ukitumia biti ya jino moja kwenye 12,000 unapata 480, hapo hata mashine dhaifu inayoteleza juu ya fito za chuma, yenye stepa ndogo za NEMA 17, inafika bila kulalamika.

Kitu cha kwanza ninachoangalia sasa kwenye mota ya kukatia ni uwezo wa kushuka. Watu wanatangaza 30,000 kama sifa. Kwa sisi wa fremu dhaifu sifa ni ile namba ya chini kwenye kile kigurudumu cha kurekebisha spidi, na kama hakina kigurudumu kabisa, kimefungwa kwenye spidi moja ya juu, mimi siichukui hata ikiwa nusu bei.

Kitu cha pili ni koleti, kile kibanio kinachoshika mkia wa biti, na beringi, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Nilienda mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja anayekereza vyuma nikamwomba aniazime dayo geji, kile kisaa chenye mkono kinachosoma milimita 0.01. Nikaishikisha kwenye fremu kwa sumaku, ncha yake nikaigusisha kwenye mkia wa biti chini kidogo ya koleti, nikazungusha kwa mkono taratibu, umeme umezimwa kabisa. Kale kagrainda mkono wa saa ulitembea kutoka sifuri mpaka 0.14, ukarudi, ukaenda tena. Rudia hesabu hapo juu: kila jino linatakiwa ling'oe 0.04, na biti yenyewe inayumba 0.14. Maana yake jino moja linabeba kazi yote na lingine haligusi mbao, jino linalobeba linakatika mapema, na mfereji wa biti ya milimita 3 unatoka mpana kuliko biti. Kama huna dayo geji fanya hivyo hivyo, kata mfereji mmoja wa kwenda tu bila kurudi, pima upana kwa venia. Biti ni 3 na mfereji ni 3.2, jua kuna kitu kinacheza.

Na hata ningekuwa na koleti nzuri kale kamwili ka plastiki kangeniangusha, ukikafunga kwenye Z, ile sehemu inayopanda na kushuka, kwa bano unakaza plastiki inajibonyeza, unalegeza kidogo kinazunguka, na beringi zake zimetengenezwa kwa kazi ya mkono ya kugusa gusa, hazikutengenezwa kusukumwa ubavuni saa nzima mfululizo. Kwa kuchonga majina kwenye ubao laini au kuchora bodi za elektroniki kanafaa. Kwa mninga na mkongo hapana.

Drili nayo nilijaribu kabla ya hapo, nitapita haraka. Drili ya kawaida haifiki hata mizunguko 3,000 au ikifika ndio mwisho, ile chaki yake ya taya tatu imetengenezwa kusukumwa kwenda mbele, sio pembeni, ukikata kwa ubavu inajilegeza yenyewe na kuna siku inadondoka ikiwa inazunguka. Na biti ya drili sio biti ya kukatia, kali lake liko kwenye ncha, ubavuni haina kali la kukata mbao. Grainda kubwa ya kukatia chuma pia nimeona watu wanaifunga. Naomba usifanye hivyo, inazunguka kama 11,000, haina koleti, ile skrubu yake ni ya kushika diski.

Afu nikanunua mota ya 775, zile ndogo zinazokuja na zile CNC ndogo za 3018. Hizi nazipenda kwa kweli na sizidharau. Ni nyepesi, chini ya nusu kilo, unaziendesha kwa volti 24 za saplai ile ile ya mashine, zinazunguka kama 10,000, kelele ndogo, na GRBL inaweza kuzipunguza spidi yenyewe kupitia bodi ndogo ya elektroniki ya mosfeti. Udhaifu wake ni pale koleti ya saizi ya ER11 inapokutana na shafti. Shafti ni milimita 5, kile kichwa cha koleti kinavishwa juu yake na kubanwa na skrubu mbili ndogo za pembeni, ukikaza moja zaidi kichwa kinahamia upande. Yangu ilianza na kuyumba 0.09. Nikalegeza, nikazungusha kichwa robo, nikakaza kidogo huku kidogo huku naangalia saa, mara ya sita nikapata 0.05. Kama bajeti yako inaishia hapo anza nayo, tumia biti ya jino moja, chukua kina kidogo kidogo, nusu milimita kila pasi, yaani kila biti ikipita mara moja, kwenye mbao ngumu, utafanya kazi nzuri tu. Itachukua muda mrefu, hilo ndilo unalolipia.

Kwenye ER11 kuna kosa moja nililifanya miezi miwili bila kujua. Nilikuwa natumbukiza koleti kwenye shimo la mota kwanza afu nafunga nati juu yake. Sivyo. Koleti inatakiwa uingize kwenye nati kwanza, unaiinamisha upande mpaka usikie inaingia tak kwenye ule mdomo wa ndani ya nati, hapo ndio unapeleka vyote viwili kwenye mota, na biti unaweka mwisho. Ukiweka kinyume koleti inakaa imeinama, biti inayumba, na ukifungua nati koleti inabaki imenasa ndani unaanza kuigonga. Na biti ya robo inchi ni 6.35, usiilazimishe kwenye koleti ya 6, na ya 6 usiweke kwenye koleti ya 6.35 ukidhani utakaza tu, haitashika duara lote. Biti nyingi ndogo mkia wake ni 3.175, kwa hiyo tafuta koleti yake yenyewe. Vile vipete vya kupunguza kutoka 6.35 kwenda 3.175 vinaongeza kuyumba juu ya kuyumba.

Nilichokaa nacho mpaka leo ni ruta ndogo ya mkono, zile ambazo maseremala wanatumia kuzungushia kingo za kabati. Yangu ni ya wati 710, spidi inashuka mpaka 10,000 na kupanda mpaka 30,000, mwili wake ni silinda ya alumini kwa hiyo bano linaishika duara zima, kaboni zake zinabadilishwa kwa bisibisi tu. Makita RT0700C ni mfano wa aina hiyo kwa wanaotaka jina la kutafutia. Dayo geji ilisoma 0.03 tangu siku ya kwanza bila kugusa chochote. Niliinunua imetumika, kabla ya kulipa nilishika koleti kwa vidole nikaisukuma kushoto kulia kuona kama beringi zinacheza, nikaizungusha kwa mkono nikasikiliza kama kuna mkwaruzo, nikaiwasha spidi ya chini kabisa. Ile spidi ya chini inakuonyesha mengi, mota iliyochoka inatetemeka hapo.

Ubaya wake mkubwa ni kelele. Ni kelele ya kweli, majirani wana watoto, mimi sikati kabla ya saa tatu asubuhi wala baada ya magharibi, na masikioni navaa vizibo. Ubaya wa pili ni kwamba feni yake inavuta vumbi, kaboni zinaisha, na vumbi la mninga na mvule linawasha pua na macho, barakoa sio ya hiari hapo.

Kuna jambo la umeme ambalo wanaoandika kutoka kwenye nchi zisizokatika umeme hawaligusi. Hizi ruta nyingi swichi yake ni ya kusukuma ikabaki hapo hapo. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine yote inasimama, stepa mota zinalegea, Arduino inazima. Umeme ukirudi Arduino inaamka imesahau ilikuwa wapi, lakini ruta inaanza kuzunguka papo hapo kwa sababu swichi yake bado iko kwenye washa. Mara ya kwanza ilinikuta mkono wangu uko sentimita chache tu kutoka kwenye biti, nilikuwa napangusa vumbi huku nasubiri umeme. Sikuguswa. Siku ile ile niliacha kazi nikaenda kununua kontakta, swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme, sasa ruta inapita kwenye kontakta inayoamriwa na GRBL yenyewe, amri ya M3 iwashe na ya M5 izime, na umeme ukirudi GRBL inaamka ikiwa imezima kila kitu mpaka mimi niamuru. Kama hutaki kuunganisha hivyo nunua swichi ya sumaku, zile za kijani na nyekundu za kwenye mashine za mbao, umeme ukikatika inajiachia. Tafadhali usifunge ruta kwenye CNC bila moja ya hivyo viwili.

Kuhusu spindeli, zile mota maalum za kukatia zinazoendeshwa na inveta, najua mtaniuliza. Ni nzuri kupita zote hapa juu, sauti ndogo, koleti ya ER moja kwa moja kwenye shafti, inakaa kazini siku nzima. Inafanya kazi kwa fezi tatu, inveta inachukua umeme wetu wa kawaida wa 230 na kuutoa kwa masafa mpaka hezi 400, ndio maana inafika 24,000. Usije ukaiunganisha moja kwa moja ukutani, utaichoma. Ila ya kilowati 2.2 ina kilo kama 5, ruta yangu haifiki 2. Nilifanya jaribio, nilining'iniza kopo la mchanga la kilo tatu kwenye Z yangu nikasogeza mashine haraka kushoto kulia, ikatikisika mpaka unaona kwa macho. Fremu ikitikisika spindeli nzuri inachonga mawimbi mazuri. Hela ya spindeli na inveta niliiweka kwenye fito nene na kuongeza pembe tatu za chuma nyuma ya daraja linalobeba Z, na kazi zikatoka safi zaidi kwa ruta ile ile.

Biti zenyewe sasa. Zile boksi za plastiki za biti kumi zenye meno kama gunzi la mahindi usinunue kwa ajili ya mbao, zimetengenezwa kukata bodi za faiba, kwenye mbao meno yanaziba na moshi unaanza. Nunua biti mbili tatu nzuri za karbaidi, zile ngumu kupita chuma, kuliko kumi za hovyo. Ya jino moja ya 3.175 kwa kazi ndogo na akriliki, ya meno mawili ya milimita 6 kwa kukata vipande, na ya V ya nyuzi 60 au 90 kwa herufi. Plaiwudi inayochanika juu itafutie biti inayosukuma maranda chini, ila kwenye mfereji wa kina hiyo hiyo inajaza maranda na kupata moto, hapo tumia inayoinua. Karbaidi inabaki na makali muda mrefu kwenye MDF ambayo gundi yake inaua biti za chuma cha kawaida haraka, lakini ni kama kioo, ikidondoka sakafuni jino linameguka.

Na unene wa biti una nguvu kuliko unavyofikiri. Kupinda kwa biti kunategemea kipenyo kwa kipeo cha nne, biti ya 6 ni ngumu karibu mara 13 ya ile ya 3.175 kwa urefu ule ule. Urefu unaotokeza nje ya koleti nao ni kipeo cha tatu, ukipunguza kutoka milimita 30 mpaka 20 biti inapinda chini ya theluthi ya mwanzo. Hiyo ni bure kabisa, hununui kitu, unaisukuma tu biti ndani kidogo. Mimi nilikuwa naacha biti yote nje ili niione vizuri.

Wiki iliyopita nilikata tena kile kibao kwa mninga ule ule, ruta kwenye 10,000, biti ya 6 ya meno mawili, mwendo 800, kina milimita moja na nusu kila pasi. Nilisimama pembeni mkono uko kwenye kitufe cha dharura. Hakukuwa na moshi. Maranda yalikuwa yanaruka madogo madogo yanajikunja, yakajaa kwenye reli na kwenye viatu vyangu, nikayakusanya ngumi moja nikatia kwenye mfuko wa rambo, kesho yake asubuhi nikampelekea mzee Keko. Akamwaga kwenye benchi lake, akayatandaza kwa kidole, akachukua moja akalinyanyua kwenye mwanga.

"Haya sasa," akasema. "Na kibao kiko wapi?"